Slipas za Pili Chumbani mwa Mke Wangu, Ugiriki

Sijawahi kupanda ndege. Bahari yenyewe nimeiona kwa kalenda tu.

Lakini niulize chochote kuhusu kulala hoteli katika mji wa pwani kule Ugiriki, nitakujibu kama mtu aliyezaliwa huko.

Nitakuambia karatasi ya choo haitupwi ndani ya choo. Inatiwa kwenye kandoo kadogo pembeni, kwa sababu mabomba yao ni membamba. Nitakuambia taa haiwaki mpaka uchomeke kadi ukutani. Nitakuambia taulo nyeupe ni za kuoga na za rangi ni za kwenda nazo baharini, na ukizichanganya, mama wa usafi anakununia.

Elimu hiyo yote sikuipata kwa kusafiri, wadau. Niliipata kwa wivu.

Naitwa Benard, nyumbani ni Kiptere. Nina kishamba cha chai, ng'ombe wawili wa maziwa, na mke anayeitwa Chepkurui. Chepkurui ni mwanariadha. Si wale wa televisheni. Ni wale wa mbio za barabarani, kilomita kumi mji huu, kilomita kumi mji ule, anarudi na medali na miguu imevimba.

Mwaka jana akaalikwa mji mmoja mdogo wa pwani Ugiriki, jina lake refu kiasi kwamba ulimi unakwama katikati. Waandaaji walisema watalipia mwanariadha pamoja na mgeni mmoja. Ndege, hoteli, chakula, kila kitu juu yao.

Mgeni mmoja! Hapo sikuuliza mtu. Nilijua ni mimi.

Nikaenda kituo cha kupimia majani na gunia langu mgongoni, nikatangaza. "Jamani, mwezi ujao chai yangu mtaichuma nyinyi. Mimi nitakuwa baharini."

Jirani yangu Onsongo akacheka mpaka akaegemea mizani. "Wewe Benard? Wewe hata mto Kipsonoi unavuka ukishikwa mkono!"

Nikamwachia kicheko chake. Jioni nikamwambia mke wangu tuanze kutafuta pasipoti yangu.

Akatulia na sufuria mkononi. "Benard, hiyo nafasi ya pili iko na mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Usiniulize. Nimeahidi kunyamaza mpaka turudi."

Mpaka turudi. Yaani wao wawili. Ugali ule wa jioni sikuujua ladha yake.

Na mimi sihitaji kuambiwa. Nilijua ni Kocha Antony. Jamaa mrefu, meno meupe, jaketi ya kijani, na saa ya mkononi inayopima moyo wa mke wangu, inaujua kuliko mimi. Wakati wa mazoezi anasimama kando ya barabara na kupiga kelele, "Legeza mabega, Kurui!"

Kurui! Mimi niliyetoa ng'ombe wa mahari namwita jina lake lote, yeye analikata kama mkate.

Basi siku ikafika. Nikamsindikiza mpaka stendi ya Kericho, akaniambia huyo mwenzake watakutana Nairobi. Nikampungia mkono huku roho inachemka.

Alipofika akanitumia picha ya chumba.

Wivu ukimshika mtu, anaikagua picha kama daktari na eksirei. Nikaikuza. Kitanda kikubwa, kipana kuliko sebule yetu. Mito minne. Juu yake taulo zimekunjwa zikawa bata wawili wanaobusiana.

Nikashuka na kidole mpaka chini. Kando ya kitanda kulikuwa na slipas nyeupe za hoteli. Jozi mbili. Na jozi moja ilikuwa imeshavaliwa, imekanyagwa visigino.

Chepkurui hakanyagi visigino vya viatu. Namjua.

Nikapiga simu. "Huko hoteli ikoje?"

"Ni poa sana! Kuna mambo ya kujifunza lakini. Nilimwambia asitupe karatasi kwa choo, akasahau, ikaziba. Watu wa mapokezi walituchekea."

"Ulimwambia nani?"

Akajifanya anakohoa.

"Chepkurui, ulimwambia nani?"

"Benard, si nilisema usiniulize?"

Kesho yake nikampigia saa tisa mchana, hakupokea. Saa kumi, hakupokea. Na usiniambie mambo ya saa, kwa sababu majira yale saa yao na yetu ni moja, nilikuwa nimeuliza. Alipopokea jioni akasema kule mchana mji wote hulala. Maduka yanafungwa, watu wanateremsha madirisha ya mbao, hata kelele hoteli hairuhusu. Ukitaka maji ya kunywa ununue mapema, maana ya bomba yana chumvi.

"Kwa hivyo mchana mnalala," nikasema.

"Tunalala."

"Mnalala."

"Benard, wewe uko na shida gani?"

Nikamtaka awashe kamera. Akakataa. Akasema tuongee kwa sauti tu, chumbani hapaonyeshwi. Nikamwambia basi atoke kwa balkoni aniwashie huko. Akasema kadi ya chumba ni moja tu na anayo huyo mwenzake, amekwenda nayo chini kula, kwa hivyo taa zimezima na kuna giza.

Giza! Mke wangu yuko Ugiriki, gizani, anangojea mtu arudi na kadi.

Jumapili ilikuwa siku ya mbio. Alinipigia mwenyewe, anahema, nyuma yake kuna makelele na tarumbeta. "Benard, nimemaliza! Benard, unanisikia?"

"Nakusikia. Hizo slipas ni za nani?"

Akakata simu.

Jumatatu nikapeleka majani kituoni kama mtu anayepeleka maiti. Nilikuwa nimeamua nikirudi nifungashe nguo zake zote nizipeleke kwao. Nikashusha gunia, nikainua macho, na nani huyu amesimama mbele yangu kwenye foleni?

Kocha Antony, na jaketi yake ya kijani na gumboot.

"Kocha! Wewe si uko Ugiriki?"

"Ugiriki nifanye nini? Ng'ombe yangu imezaa juzi." Akanishika bega, anacheka. "Lakini kwani hujaona vile Kurui..."

Sikumngoja amalize. Niliacha gunia pale pale, Onsongo ananiita nyuma, "Benard, majani! Hujapima majani!"

Kama si kocha, ni nani? Afadhali ningekuwa na adui mmoja ninayemjua. Sasa nilikuwa na Ugiriki nzima.

Kwetu, mume mwenye malalamiko makubwa hapigi kelele sokoni. Anaenda kwao mke, anakaa na wazee, anasema. Kesho yake nikashika njia ya Siongiroi, kwao Chepkurui.

Nilimkuta baba mkwe wangu, Mzee Kiptum, anajichemshia chai mwenyewe, moshi umemjaa machoni. Ndugu zake wawili walikuwa wameketi uani. Nikawasalimu, nikauliza habari ya mama.

"Mama ametembea," akasema mzee.

Moyoni nikashukuru. Kwetu mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana mpaka inakuwa kama kuogopana. Hamshikani mikono. Mkikutana njiani mmoja anapisha. Na mahali anapolala, jicho lako halifiki huko, hata mlango ukiwa wazi. Maneno niliyokuja nayo siku hiyo, ya kitanda na mito, singeweza kuyasema akiwa hata nyuma ya nyumba.

Nikayamwaga yote. Slipas, kadi, kulala mchana, karatasi ya choo. Wazee walinisikiliza wakitazama chini. Mzee Kiptum akakohoa kikohozi kirefu kuliko moshi.

"Huyo mtu si wa kukusumbua," akasema.

"Mzee, kwani unamjua?"

"Namjua."

"Ni nani?"

"Nimekatazwa kusema. Kunywa chai, kijana wangu, urudi nyumbani. Watarudi Ijumaa."

Damu ikanipanda. Kumbe hata baba yake anajua! Kumbe ni mimi peke yangu nisiyejua nani analala na mke wangu!

"Basi nampigia video hapa hapa," nikasema, nikatoa simu. "Nyote muone."

"Usipige, Benard."

"Napiga, mzee."

"Nakuambia kama baba yako. Hiyo simu usipige."

Nikapiga. Nikaishika juu ili wazee wote waone vizuri.

Ikaita. Ikapokelewa.

Kwanza ikaonekana dari. Halafu kidole gumba, kikubwa, kimefunika kila kitu. Halafu simu ikageuka na tukaona balkoni, na nyuma yake bahari ya buluu kama ya kalenda.

Kwenye kiti kirefu palikuwa na mtu amejinyoosha. Amevaa gauni jeupe la kuogea la hoteli. Miguu iko juu ya meza, slipas zimekanyagwa visigino. Kichwa hakina kitambaa, mvi zimelowa maji, na mkononi ana kibakuli cha zeituni, anatema mbegu moja moja.

"Chepkurui!" akaita. "Njoo, simu yako inalia na inaonyesha watu!"

Sauti ile niliijua. Ndiyo iliyotuombea siku ya harusi yetu.

Alikuwa mama mkwe wangu.

Akaniona. Akapiga unyende uliosikika Siongiroi yote, akavuta lile gauni kufunika kichwa. Sasa mtu akifunika kichwa kwa gauni alilovaa, huko chini kunabaki nini? Magoti, wadau. Niliyaona magoti ya mama mkwe wangu, mbele ya mume wake na mashemeji zake.

Niliitupa simu kwenye nyasi, nikajiziba macho na mikono miwili. Nilisikia wale wazee wawili wakiinuka na kwenda kuangalia ng'ombe.

"Nilikuambia usipige," akasema Mzee Kiptum.

Kutoka kwenye nyasi ikaja sauti ya mke wangu. Haikuwa ya hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza.

"Benard. Umeniuliza mito. Umeniuliza taulo, slipas, kadi ya mlango, mpaka choo. Tangu nifike hapa hujaniuliza hata mara moja nilikimbia aje."

Nikaipapasa simu kwenye nyasi, macho bado nimefumba.

"Nilishinda," akasema. "Nilikuwa wa kwanza. Nilipofika kwa kamba ya kumalizia nilikupigia wewe kabla sijanywa maji."

Simu ikakatika.

Mzee alinimiminia chai. Akanieleza polepole. Chepkurui alipoanza kukimbia akiwa msichana, ni mama yake aliyekuwa akiamka naye asubuhi na mapema, anasimama njia panda na tochi ili fisi na wahuni wasimkaribie mtoto. Msichana akaahidi kwamba mbio za kwanza zitakazolipia mgeni, mgeni atakuwa mama. Mama naye akakubali kwa sharti moja tu.

"Alisema mkwe asijue," mzee akaniambia. "Alisema ataona aibu wewe kujua amelala kwa kitanda ya namna gani."

Sasa nilikuwa nimekijua, pamoja na mito yake yote.

Mzee akachochea moto. Halafu mzee akasogeza kiti karibu, akapunguza sauti.

"Lakini na wewe, hebu niambie. Hiyo hoteli kuna wanaume?"

"Mzee?"

"Mimi tangu aende hajanipigia. Anapiga kwa jirani anauliza kuku." Akatazama moto. "Kitanda ni moja ama mbili?"

Hapo ndipo nilijua siko peke yangu duniani. Tulikaa sisi wawili na chai yetu ya moshi, nikimweleza kila kitu, mpaka bata wa taulo. Kila nikitaja kitu alikuwa anatikisa kichwa na kusema, "Aiii, huyo mama."

Wazee waliamua nilete kondoo na blanketi kumwondolea mama aibu. Nilileta bila kubishana. Aliporudi alipokea kupitia kwa wengine, na mpaka leo nikionekana Siongiroi anazunguka kwa njia ya shamba la mahindi.

Chepkurui naye aliongea nami neno moja moja kwa muda. Chumvi. Maji. Ng'ombe amekamuliwa? Nilistahimili.

Mwaka huu mwaliko ukaja tena. Mji ule ule, hoteli ile ile, mwanariadha na mgeni mmoja. Nilinyoa ndevu. Nilifua shati. Nikakaa mezani kama mwanafunzi anayengojea matokeo.

"Nimeshapeleka jina," akasema.

"La nani?"

"La baba. Amesema hawezi kulala tena mpaka aone hiyo kitanda na macho yake."

"Na mimi?"

Akafunga kamba za viatu, akasimama, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Wewe utabaki na ng'ombe. Na ukinipigia, uanze na mbio."

Akatoka kwenda mazoezini.

Somo langu ndilo hili, na nimelilipia. Mtu wako akiwa mbali, kabla ya kuuliza amelala wapi na nani, muulize kwanza kile alichoendea kimekwendaje. Anayependa huuliza hilo la kwanza. Mwenye wivu huuliza yale mengine, na hata akipata majibu yote hatosheki.

Mbio ni Jumapili ijayo asubuhi. Roho bado inaniuma, siwadanganyi, lakini nimeshamwambia Onsongo anichumie chai siku hiyo. Nataka niwe na simu mkononi atakapomaliza.