Tepu ya Kijani Mkononi mwa Baba

Nilirudi Guangzhou mwezi uliopita, mtu mzima sasa, mwenye mizigo yangu mwenyewe, na kabla macho hayajazoea nilisikia ile sauti. Tepu ikivutwa kwenye robota. Kama hujafika mtaa wa Guangyuan Xilu huijui: kraaap, kraaap, tangu maduka yafunguliwe asubuhi mpaka jioni, kila ghorofa, kila korido, kila ngazi. Wengine hukumbuka utoto wao wakisikia kengele ya shule. Mimi mwenzako ni tepu. Nilikuwa nimesimama godauni, marobota yangu ya viatu vya watoto yamepangwa mbele yangu, na karani mmoja wa Kenya akaniuliza, "Sister, mark yako ni gani? Bosi anataka kupakia." Swali dogo kabisa, nami nikamkodolea macho.

Ngoja nikueleze habari ya alama, maana bila hiyo hutanielewa. Mahamali wa Kichina hawasomi majina yetu, na sisi hatusomi yao. Kwa hiyo kila mfanyabiashara ana alama yake, rangi fulani ya tepu na michoro ya kalamu ya wino mzito, na mzigo ukifika godauni hakuna anayeuliza ndani mna nini. Wanatazama alama, wanautupa kwenye rundo lake, kesho uko bandarini Huangpu unaingia kwenye kontena. Alama ya mama yangu ilikuwa tepu ya kijani yenye mistari miwili myeusi. Mistari nilichora mimi. Ndiyo kazi niliyopewa nikitoka shule: kukaa juu ya robota miguu ikining'inia, kalamu mkononi, harufu ya wino na soli mpya ikinipanda kichwani. Nilikuwa na miaka tisa na nilijiona bosi kuliko mabosi wote wa jengo lile.

Mara moja robota letu lilifunguliwa Mombasa likakutwa limejaa matambara ya kupigia deki. Mtu alikata tepu yetu akaibandika kwenye mzigo wake, wetu akaondoka nao. Mama alilia siku mbili, halafu akacheka, na ikawa hadithi ya kuwachekeshea wageni. Ungedhani tulijifunza kitu.

Tulikaa ghorofa ya saba, jengo halina lifti, mimi na Mama na Baba na Bibi. Bibi ndiye aliyemzaa Baba. Alikuja kutoka Mombasa kututembelea miezi miwili, ikawa miaka. Mji hakuupenda hata siku moja. Iliki yao haina harufu, alisema, na tui la kopo ni maji ya chaki. Lakini akianza kukaanga mahamri Jumapili, watu walipanda ngazi zote saba wakijifanya wamekuja kutusalimu tu.

Baba hakuwa mtu wa biashara. Robota lilimpa usingizi. Alikuwa fundi, na kazi yake ilikuwa nje ya mji, kwenye uwanja wa vigari vya mbio ambako watoto wa matajiri walifundishwa kuendesha. Mwenye uwanja tulimwita Laoban, kama mabosi wote wanavyoitwa huko. Mtoto wake wa kiume alikulia pale pale, na tangu akiwa mdogo Baba ndiye aliyemfungia tairi zake. Basi mwaka ule kijana akapata nafasi Ulaya, kwenye mashindano ya magari ya kiti kimoja, daraja moja chini ya yale makubwa yanayojulikana dunia nzima. Akasema haendi bila fundi wake wa tairi. Nyumbani kwetu ilikuwa sherehe. Bibi alipiga vigelegele ngazini mpaka mama wa duka la chini akaja kuuliza nani kaolewa.

Mama alilifunga sanduku la Baba kwa tepu ya kijani, kama tulivyofunga kila kitu, na roli lililobaki akalitia ndani. Baba akaniinamia mlangoni. "Raundi kumi, mwanangu. Hesabu kumi. Ya kumi ikiisha, nakuja." Siku hiyo hiyo nilichora mistari kumi nyuma ya mlango wa jikoni kwa kalamu yangu ya godauni.

Raundi ya kwanza ilikuwa Hispania. Asubuhi yao ni alasiri yetu, kwa hiyo tulikula, tukaoga, tukakaa mbele ya televisheni kama watu waliokuja harusini. Jirani wa mlango wa pili, Mtanzania aliyekuwa akisomea udaktari, alileta kompyuta yake na waya na kutuunganishia. Picha ilikwama, ikakimbia, ikakwama tena. Yeye ndiye aliyetueleza kwamba katika mbio ndefu kila gari lazima liingie mara moja kubadilishiwa tairi, na hapo ndipo tungemwona Baba, sekunde nne au tano, basi. Gari likaingia. Watu wakaruka juu yake, wote nguo moja, wote helmeti, wote nyuso zimefunikwa. Gari likatoka.

"Yule wa mbele!" nikapiga kelele.

"Wa mbele wapi, huyo mfupi," Mama akasema.

"Nyuma, kulia," akasema Bibi, anatafuna. "Mgongo ule nimeuogesha mimi."

Jioni Baba alipiga simu. "Mmeniona?" Tukamuuliza alikuwa wapi. Nyuma, kulia. Bibi alituringia wiki nzima, hata chumvi hatukuweza kumwomba kwa amani. Ndipo Mama akamwambia Baba, kwa mzaha kabisa, "Jifunge tepu yetu mkononi, tukujue kama mzigo."

Na akajifunga. Raundi ya pili, kwenye zile barabara nyembamba za Monako, gari lilipoingia tuliona mkono wa kushoto una kijani juu ya glavu, na kabla hajaliachia tairi aliugonga mara mbili kwa kidole. Tuliruka wote. Daktari wetu alimwaga chai kwenye kompyuta yake. Kuna furaha ambayo mtu hupewa mara moja tu, nami nilipewa mbele ya televisheni ile, mkono mmoja una hamri, mafuta yakinichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Simu ilipolia niliinyakua mimi. "Mmeniona?" "Tumekuona!" Ikawa ndiyo salamu yetu. Nilikuwa nikifuta mstari mlangoni baada ya kila raundi, na mistari ikawa inapungua.

Raundi ya tano ilikuwa Uingereza, kwenye mvua. Gari la kijana lilikuwa la sita. Likaingia, kijani kikaonekana, kikagongwa mara mbili, nikapiga makofi. Bibi akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa. "Rudisha hapo," akamwambia jirani. Akarudisha. "Rudisha tena." Halafu akainuka, akasema macho yanamuuma, akaenda jikoni.

Hakukaa nasi tena. Kila Jumapili ya mbio aliwasha jiko gari likiwa bado kwenye mstari wa kuanzia, akakaanga mpaka moshi ukatufuata sebuleni. Nilimkasirikia, nakwambia ukweli. Niliona amemchoka mwanawe. Mama naye alikuwa amechangamka kuliko wakati wowote, akinunua pazia jipya, akipima kitambaa cha shati la kumpokelea mtu. Baba alikuwa haongei tena kwenye simu. Alileta ujumbe tu, jioni baada ya mbio, neno moja: "Mmeniona?" Alishatuandikia kwamba wakubwa wa timu hawapendi simu, tukaamini. Mama alijibu, "Tumekuona." Austria, Hungaria, Ubelgiji. Kijani kilikuwepo kila mara. Kijana wa Laoban akapanda mpaka nafasi ya tatu ya msimu, na kwetu hilo lilikuwa kama kuongeza sukari kwenye chai ambayo tayari ni tamu.

Mbio za kumi zilikuwa Italia. Mama alikuwa amesuka. Mlangoni palibaki mstari mmoja. Kijana alimaliza wa pili, na timu nzima ikakimbilia kwenye uzio kumpokea, wanakumbatiana, wanavua helmeti. Hatukuwahi kuwaona wakivua. Nilisogea mpaka pua yangu ikagusa kioo.

Yule mwenye tepu ya kijani alivua yake na kuvuta kile kitambaa cha uso. Alikuwa kijana wa Kizungu, nywele za manjano zimelowa jasho, uso mwekundu. Mistari miwili myeusi ilikuwa imechorwa vizuri kuliko nilivyochora mimi. Akaitafuta kamera. Alipoiona akainua mkono wake wa kushoto, akaugonga mara mbili kwa kidole, akatabasamu kama mtu aliyemaliza kazi aliyotumwa.

Jirani akapunguza sauti. Bibi alitoka jikoni na mwiko wake, asitazame televisheni, akamtazama Mama.

"Bibi, yule nani?" nikauliza.

"Simjui, mjukuu wangu. Tangu ile ya mvua simjui."

"Ulijua?" Mama akasema. "Ulijua, Mama, ukanyamaza?"

"Ningekwambia nini? Ulikuwa unacheka."

Wakati huo huo simu ya Mama ikatetema juu ya meza. Tuliijua kabla ya kuisoma. "Mmeniona?"

Mama hakuigusa. Aliiangalia mpaka mwanga wake ukazimika. Mimi ndiye niliyeichukua. Nilikuwa na hofu moja tu, hofu ya kitoto, kwamba tukimwambia kweli hataandika tena. Nikabonyeza herufi moja moja: "Tumekuona, Baba." Nikatuma. Halafu nikaenda kuufuta mstari wa mwisho, kwa sababu ya kumi ilikuwa imeisha, na nikakaa pale chini mlangoni kumsubiri.

Hakuandika tena.

Jumatatu Mama alikwenda kwa Laoban, na jirani wetu akawa mkalimani. Laoban alishangaa kwa dhati kwamba hatukujua, maana mwanawe alishamsimulia yote. Baba alikuwa ameacha kazi baada ya raundi ya nne, akachukua pasipoti yake, akaaga vizuri, akasema anarudi nyumbani. Roli la tepu alimwachia mwenzake na kumwomba ajifunge mpaka msimu uishe, akamwonyesha jinsi ya kugonga. Kwa ajili ya bahati ya binti yake, alimwambia. Yule mwenzake akatimiza ahadi. Sina ugomvi naye hata leo.

Nyumbani gani alikorudi, hatujui. Mombasa hakufika. Wiki ile Mama alinunua tepu nyekundu, na kazi ya kuchora mistari akaifanya mwenyewe. Lile shati halikushonwa. Bibi alirudi kwao kabla ya mwaka mpya wa Kichina, na katika simu zake zote mpaka alipofariki hakulitaja jina la mwanawe. Mahamri sikula tena yenye ladha ile. Na jambo linalonichoma, rafiki yangu, si kwamba alituacha. Wanaume wengi wameondoka Guangzhou bila kuaga, na watoto wao wamekua. Linalonichoma ni jinsi alivyopanga. Alituhurumia kiasi cha kututafutia mtu wa kuvaa alama yake, na huruma hiyo haikutosha kumrudisha. Angetuacha tu, ningeshapona.

Safari hii nilikwenda kuutazama uwanja wa vigari. Pamejengwa maghorofa ya kukaa watu. Jengo letu bado lipo, ila mlango wetu umewekwa chuma na aliyenifungulia alitikisa kichwa, mei you, mei you, hakuna, hakuna, kabla sijauliza chochote. Jirani yetu alishamaliza masomo zamani, na nambari yake ya simu sina. Hata ule mlango wa jikoni siamini kama upo. Hakuna mtu aliyebaki katika mji huu anayejua kwamba kulikuwa na Jumapili kama zile.

Sasa umeelewa kwa nini nilimkodolea macho yule karani. Mezani kwake palikuwa na maroli ya tepu ya kila rangi, na la kijani lilikuwa karibu na mkono wangu kabisa.

"Sina alama," nikamwambia.

"Wataujuaje sasa, sister? Utapotea huu."

"Hautapotea. Nitausimamia mwenyewe mpaka uingie kwenye lori."

Alicheka, akanipa kiti. Sikukaa. Nilisimama pale mchana kutwa huku wakivuta tepu zao pande zote, na kila hamali aliponyanyua robota langu nilimfuata mpaka mlangoni nikiliangalia.