Kabati Lililopigiwa Makofi

Fundi wa makabati karibu na soko la Sumbawanga hapimi mbao kabla hajaisalimia. Huinama, akaipigia makofi ya taratibu kama wenyeji wa huko wanavyomwamkia mkwe, kisha huigonga kwa kidole na kutega sikio. Mninga, mbao ngumu ya Mpanda, humwitikia. Fomeka, zile mbao za kung'aa zilizoanza kumiminika na malori tangu biashara huria iruhusiwe, huzipa mgongo.

“Hiyo ni karatasi iliyovaa suti, mama,” alimwambia Albina, aliyetaka kabati la jikoni. “Ikipata mvuke wa ugali, inabanduka!” Mume wa Albina alitaka mninga, Albina mwenyewe roho yake ilikuwa kwenye kung'aa. Akakubali yaishe, akaondoka. Njiani akakumbuka kikapu chake, akarudi. Akamkuta fundi amechuchumaa mbele ya kabati la fomeka lililoletwa kubadilishwa bawaba, anachana ndevu, anajigeuza huku na huku. Kisha akainama, akapiga makofi, taratibu kabisa.

“Fundi,” Albina akasema, “nitengenezee kama hilo ulilolisalimia.”

Fundi hakugeuka. “Kabati sijalisalimia, mama. Nimemsalimia huyu mzee mtanashati aliyemo ndani.”