Kengele ya Ng'ombe wa Nyuma

Mzee Yiamat wa Olasiti alianza kujifunza Kifaransa katika umri ambao wenzake wanajifunza upya kupanda ngazi. Mkewe amezikwa nyuma ya migomba. Binti yake Nosim ameolewa Lyon, na mjukuu, Hanna, hana Kiswahili hata cha kuombea maji. Nosim alishasema: "Baba, Krismasi tutakuja, ila Hanna mwenyewe akitaka. Mwombe wewe."

Basi mzee akamfuata Tabea, jirani anayewafundisha waongoza watalii Kifaransa. Alitaka sentensi moja tu: *Viens à la maison*. Njoo nyumbani.

"Vyen-a-la-ME-zon," akasema mzee.

"Hapana, babu. Silabi zote zinakwenda sawasawa, uzito unasubiri ya mwisho. Me-ZON."

"Mbona sisi tunauweka kwenye ya pili kutoka mwisho?"

"Wenzetu wanaubwaga mkiani."

"Yaani kengele wamemvika ng'ombe wa nyuma kabisa! Na hawa ndio walitaka kutawala dunia?"

Hata hivyo alijitahidi. Wiki nzima aliitembeza sentensi ile zizini, akigonga fimbo kwa kila silabi, ya mwisho akiitwanga. Ng'ombe walimvumilia. Mwingine wa kumvumilia hakuwepo.

Jumapili baada ya ibada simu ikaita, ya video. Hanna huyo, meno ya mbele hayapo. Mzee akafungua kinywa, akakifunga. Utamwambiaje mtoto neno kabla hajakusalimia? Huo si ungekuwa uhuni?

Nosim akamnong'oneza mtoto. Hanna akainamisha kichwa, kama watoto wa Kiarusha wanavyowainamia wakubwa, kioo chote kikajaa nywele. Mzee akafanya ambalo babu yeyote angefanya: akaweka kiganja juu ya kichwa kile, pale pale kiooni.

Simu ikakatika.

Kupiga hajui; yeye hupigiwa. Akangoja. Kule pengine walidhani ndivyo alivyo, akishasalimiwa anaondoka zake. Chai ikapoa, ikaota ngozi. Jua likahama kutoka kwenye kiti cha marehemu, kiti ambacho hakuna anayekikalia.

Mwishowe akakiambia kioo cheusi: "Viens à la maison." Silabi zikapita moja moja, uzito ukatua mwisho, barabara.

"Safi kabisa, babu!" Tabea akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ua. "Amekubali?"

Kiganja cha mzee kilikuwa bado juu ya simu.