Beryl wa Leza

Kabla ya kuitwa Mama Wegesa, Beryl Adhiambo alijulikana hapa Nyamwaga kama Beryl wa leza. Alikuwa fundi simu. Baba yake alitoka Migori, ng'ambo ya mpaka, akaoa upande huu. Binti alifungua kibanda karibu na stendi miaka ile rashi ya dhahabu, mbio za kwenda kuichimba, ilipopamba moto na vijana kumiminika kutoka kila wilaya. Wachimbaji huvunja simu kila siku, kwa hiyo kazi haikumpungukia.

Leza zilianza kama mchezo. Projekta ya banda la video iliharibika, mwenye banda akamwachia. Beryl alipoifungua alikuta ndani vijitaa vidogo kama punje za ulezi. Akatoa kimoja, akakiunganisha na betri ndani ya bomba la tochi. Mwale wa bluu ukachomoka, mwembamba kama uzi, ukawasha njiti ya kiberiti aliyoisimamisha upande wa pili wa chumba. Alicheka peke yake mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni.

Hakukaa muda mrefu peke yake. Godwin, mwendesha mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, aliona mwale ule akataka wake. Wengine wakajuana kwenye kundi la simu, mpaka Machochwe na ng'ambo Kenya. Waliuziana, walibadilishana, walitambiana. Jioni walikutana uwanja wa mpira kupasua maputo kwa mwale kutoka goli moja hadi lingine.

Beryl alikuwa na sharti moja: bila miwani ya kinga, hauzi. "Hii si tochi," alisema. "Jicho likipigwa halipigi kelele. Linazimika tu." Miwani hiyo aliiagiza kwa Okech, mfanyabiashara wa Sirari.

Kisyeri alikuja kibandani siku moja kununua leza. Alikuwa mchimbaji kutoka Itiryo, mrefu, mwenye mizaha.

"Dada, mimi nashuka shimoni bila hata kofia. Leo nivae miwani ya plastiki?"

"Basi nenda ukawashe kiberiti chako kwa mkono."

Kesho yake alirudi amevaa miwani ya jua ya bibi yake, mkono mmoja wa miwani umefungwa kwa uzi. Beryl alicheka hadi akaweka chini kazi. Ng'ombe wa mahari walitoka Itiryo msimu uliofuata. Kisyeri aliacha mashimo, akawa ndiye wa kuwaonyesha wateja leza inavyofanya kazi. Aliifanya vizuri, kwa mbwembwe, na miwani hakuisahau tena.

Beryl alikuwa mjamzito wakati Okech alipoleta shehena mpya ya miwani. Rangi ilikuwa ileile ya machungwa, maandishi yaleyale pembeni. Hakuipima. Kwa nini aipime, na Okech alikuwa amemletea miaka yote bila tatizo?

Mchana mmoja mteja alikuja nyumbani. Kisyeri alivaa miwani mpya, akawasha leza, akaizungusha kuelekea kipande cha ubao. Ukutani kwa jirani yalikuwa yameegemezwa mabati mapya, bado yanameremeta. Mwale ukagusa bati, ukarudi, ukapita usoni kwake. Alisema "Eh!" tu, kama mtu aliyejikwaa. Akazima, akavua miwani, akasugua macho.

"Umeumia?" Beryl aliuliza.

"Hapana. Hakuna maumivu." Akamgeukia mkewe. Kisha akasema polepole, "Adhiambo, mbona uso wako una shimo?"

Huko Mwanza daktari wa macho alieleza bila kuzunguka. Katikati ya macho yote mawili palikuwa pameungua. Pembeni Kisyeri angeendelea kuona: njia, ng'ombe, mlango. Kitu anachokiangalia moja kwa moja ndicho kisingekuwapo. Miwani haingesaidia, wala upasuaji.

Beryl alikwenda Sirari na tumbo lake, akaweka ile miwani mezani kwa Okech. Ilikuwa plastiki iliyopakwa rangi, basi.

"Pole sana, madam," Okech alisema. "Lakini mimi ni wa kuuza tu. Mzigo ulikuja hivyo." Akamgeukia mteja mwingine.

Akarudi, akaandika kwenye kundi: kila aliyenunua kwake airudishe leza, na atupe miwani ile. Godwin alikuwa wa kwanza kujibu. "Pole kwa shemeji. Yangu siirudishi. Alizembea." Waliobaki wakaanza kujitoa kundini mmoja mmoja. Kabla ya wiki kuisha Beryl aliona mtu asiyemjua akitangaza leza mtandaoni: imetengenezwa na fundi Beryl, ina nguvu kuliko zote. Alichukua nyundo akaponda zote zilizobaki nyumbani. Kwa zile alizokwisha kuziuza hakuwa na la kufanya.

Binti yao Wegesa alizaliwa wakati wa kuvuna mahindi. Walimweka mapajani mwa baba yake, naye akainamisha kichwa huku na huku, akaambulia ncha ya sikio na ukingo wa blanketi.

"Anafanana na nani?"

"Pua ni yako," Beryl alisema. "Paji la uso la mama yako."

"Na macho?"

Beryl aliinuka. Alimchukua mtoto, akatoka nje.

Sasa Wegesa ana miaka minne. Baba yake analima migomba nyuma ya nyumba, naye mtoto humfuata kila hatua. Kisyeri amejifunza kumwona kwa kutazama pembeni; hivyo hupata shavu, nywele, kicheko kikipita. Lakini mtoto haelewi. Wiki iliyopita, Beryl akiwa jikoni, aliwasikia.

"Baba, niangalie! Naruka!"

"Nakuangalia, mama."

"Huniangalii! Unaangalia mgomba!"

Beryl alichungulia. Kisyeri alikuwa amegeuza uso pembeni, anatabasamu, kwa kuwa hapo ndipo alipokuwa akimwona mwanawe. Kisha akageuza uso, akamwelekezea Wegesa macho yote mawili, palepale mtoto alipopotea kabisa machoni mwake.

"Haya," akasema. "Ruka sasa, nakuona."

Wegesa akaruka, akapiga makofi, akaruka tena.