Siku Mutheu Alipoitwa Kutoa Ushahidi

Hata leo, mvua ya kwanza ikiangukia vumbi la Majengo na harufu ya udongo ikapanda, mguu wangu wa kushoto hunisisimka. Wenzangu huisifu harufu hiyo, wengine husema watamani kuulamba huo udongo. Mimi huniletea bibi yangu, amechutama uani kando ya ndoo, akiusugua mguu wangu kwa mchanga huku machozi yakimchuruzika. Mate ya mbwa ni najisi, na najisi hiyo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Damu ilikuwa ikitiririka kuliko maji, lakini Bibi hakukubali nipelekwe kwa daktari kabla hajamaliza.

"Nyamaa, mwanangu," aliniambia. "Yatakwisha. Nyamaa."

Mbwa mwenyewe aliitwa Simba. Alikuwa wa Baba Mutheu, karani wa bandarini aliyetoka bara, aliyepanga nyumba ya pili kutoka kwetu. Baina yetu palikuwa na kichochoro chembamba, kiasi kwamba ukikaanga samaki wako, jirani humaliza ugali wake kwa harufu. Mkewe alikuwa amefariki. Walibaki wawili tu, yeye na Mutheu, binti wa rika langu. Baba mtu alimfuga mbwa kwa kuogopa wezi, na watu wa mtaa walinung'unika chini chini. Bibi peke yake alimtetea. "Jirani kabla ya nyumba," alizoea kusema, na kila Ramadhani sahani ya futari ilivuka kichochoro, na kila Krismasi sahani ile ile ikarudi na chapati.

Mimi na Mutheu tulisoma pamoja, tukasukana nywele, tukagombana na kupatana kabla jua halijatua. Lakini jioni, akisikia tu viatu vya babake mwanzo wa kichochoro, aliniacha katikati ya mchezo, akakimbia kumpokea mkoba. Sijaona tena mtoto aliyempenda babake namna ile.

Siku ya balaa nilikuwa nimesimama mlangoni kwao, nikimngojea avae ndara twende dukani. Simba alikuwa amefungwa nguzoni kwa kamba ya katani. Nilisikia kitu kikikatika, na kabla sijageuka, meno yalikuwa yameshazama juu ya kisigino changu. Hakuniachia mpaka Mutheu alipomrukia, akamvuta masikio kwa mikono miwili huku akipiga ukelele.

Hospitali nilidungwa sindano za kuzuia kichaa cha mbwa, nikashonwa. Daktari akamwambia Mama kwamba mshipa wa kisigino umechanika, na bila upasuaji nitauburura mguu ule maisha yangu yote. Mama alikuwa akiuza viazi karai kando ya barabara, kule Makupa. Alijitanda leso, akavuka kichochoro kumwomba Baba Mutheu asaidie matibabu. Nilikuwa kitandani, dirisha wazi, nikasikia kila neno.

"Pole, Mama Mwanaidi," alisema Baba Mutheu. "Lakini mbwa wangu haumi mtu bure. Mtoto wako alimpiga kwa fimbo."

"Mwanangu? Kwa fimbo?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

Mama alirudi, akaketi sakafuni. Naamini Baba Mutheu angesema tu kwamba hana, Mama angemsamehe na tungechanga sisi kwa sisi. Ni ile fimbo iliyompeleka mahakamani.

Tulipata wakili, mwanamke mpole mwenye ofisi Mji wa Kale, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Alikubali kungoja ujira wake mpaka kesi iishe. Alituuliza ni nani aliyeona.

"Mutheu peke yake," Mama akajibu.

Wakili alitikisa kichwa. "Siwezi kumwomba mtoto atoe ushahidi dhidi ya babake."

Kumbe babake ndiye aliyemwita.

Walikuja wameshikana mikono, Mutheu amevaa gauni lake la kanisani. Hakimu alimuuliza kwa upole kama anajua maana ya kusema kweli. Akajibu kwamba anajua, kwa sababu Mungu anasikia. Kisha wakili wa babake akasimama.

"Mwanaidi alimpiga mbwa kwa fimbo, sivyo?"

Mutheu alimtazama babake. Akanitazama mimi na mikongojo yangu.

"Hapana."

"Fikiri vizuri, mtoto."

"Hakuwa na fimbo. Alikuwa ananingoja. Kamba ilikuwa imeoza. Nilimwambia Baba, akasema atanunua mnyororo." Halafu akasema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza: "Baba, nisamehe."

Baba Mutheu aliinamisha kichwa. Tulipotoka nje, alitangulia. Mutheu alimfuata mbio, mkono ameunyoosha, na ule mkono hakuna aliyeushika. Mama alitaka kumwendea mtoto.

"Mwache," Bibi akamzuia. "Ni mwana wa watu."

Tulishinda. Fidia ikaja kidogo kidogo, nikapasuliwa, na leo ukiniona nikitembea huwezi kujua. Lakini kabla sijatolewa bendeji, nyumba ya pili ilikuwa tupu. Mutheu alipelekwa bara kwa shangazi yake, na babake akahamia Likoni. Ramadhani iliyofuata, Bibi alipakua futari, akachukua sahani ya Mutheu, akaitazama, akairudisha kabatini. Mimi nilikuwa nikingoja shule zifunguliwe, nikiamini atarudi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mama wa watoto wawili, mzee mmoja aliniita jina langu pale Feri, tukingoja kivuko cha Likoni. Nilimtambua kwa sauti.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Hebu tembea nikuone."

Nikatembea, watu wakitupita wakisukumana. Akatikisa kichwa pole pole. Nikamuuliza Mutheu yuko wapi.

"Nilimpeleka kwa shangazi yake mpaka hasira zangu zipoe," alisema. "Zilipopoa nikaenda kumchukua. Akaniamkia kama mgeni. Akaniletea maji ya kunawa, akarudi jikoni, hakutoka tena mpaka nikaondoka. Sasa ni mtu mzima, na simu yangu hapokei. Ukijaliwa kumwona, mwambie alisema kweli."

"Mwambie wewe, Baba."

"Mimi hanisikilizi, mwanangu."

Lango likafunguliwa, umati ukamchukua.

Sijamwona Mutheu mpaka leo. Nimeuliza watu wa kwao, na kila mmoja ana habari yake. Utotoni niliamini kwamba kesi ile ilihusu mguu wangu. Nakumbuka wakili wetu akitaja mahakamani kila nilichopoteza, mshipa, ngozi, masomo, hata maumivu, na yote yakaja kulipwa. Wakati huo Mutheu alikuwa ameshateremka kizimbani, ameketi peke yake benchi la nyuma, miguu haifiki chini, akingoja babake ageuke. Babake hakugeuka. Mimi ndiye niliyegeuka. Nikampungia mkono nikitabasamu, kwa kuwa nilidhani yamekwisha, na kesho tutacheza.