Nyama ya Paja Mbele ya Mkwe

Wasomaji, mtanicheka, na ni haki yenu. Mwanangu anataka kumwoa binti wa Mzee Ombati, Msabato asiyeruhusu nyama, maziwa wala mayai nyumbani kwake. Ili posa yetu isikataliwe, nilimwambia mzee kwamba hata mimi nyama niliiacha zamani. Alifurahi sana, na juzi akanialika chakula cha mchana katika hoteli ya mama mmoja wa kanisa lao, hapa Nyamira.

Mama alileta ugali, mboga za chinsaga na mchuzi wenye vipande vya rangi ya kahawia. Nilitafuna kimoja, nikashtuka. Kwa kuwa mimi huthibitisha jambo kabla ya kulisema, nilitafuna cha pili, na cha tatu. Kisha nikaifunika sahani ya mzee kwa mkono.

"Usile, mkwe! Tumedanganywa. Hii ni nyama ya ng'ombe, tena ya paja, iliyokaushwa kwa moshi siku mbili."

Mama aliangua kicheko. "Ni unga wa ngano, baba! Nimeukanda mwenyewe hadi ukafanana na nyama."

Mzee Ombati hakucheka. Aliuondoa mkono wangu polepole.

"Sasa, mkwe," akaniuliza, "wewe uliyeiacha zamani, moshi wa siku mbili umeujuaje?"