Siku Nilitafuna Sabuni Kanisani

Chekeni tu, najua mnataka kucheka, hata mimi nilianza na kicheko, na kama kuna mtu mwingine hapa ameshawahi kukemewa pepo mbele ya hedmasta, gauni imepanda mpaka magotini na povu ya sabuni inamtoka kwa mdomo, huyo akuje akae karibu na mimi, tutaelewana. Aibu nimeshikwa nayo mpaka imenizoea. Lakini hii kicheko haifiki mwisho, nawaambia mapema ndio msije mkasema susu, nyanya yenu, hakutuambia.

Si mnamjua Kanini, mtoto wa msichana wangu, yule anafanya kazi ya hoteli huko Emali. Mama yake aliniachia akiwa mdogo na kifafa ikamkuta hapa kwangu. Tembe anameza, lakini kuna wakati zinakosekana kliniki, na ikimshika vibaya hiyo tembe utampatia aje na meno yamefungana kama mtego? Mwaka huu alianguka darasani, watoto wakaruka madirisha, mwalimu naye akasimama huko nje anaita Mungu. Hedmasta akaniita akasema, "Susu, wacha akae nyumbani kwanza." (Hiyo kwanza sijui inaishaga lini.) Kwetu watu wanasema ile povu ikikugusa, na wewe umeipata. Mimi nimepanguza hiyo povu na leso yangu miaka yote, niko hapa naongea kama redio, lakini nani atasikia mwanamke hajui kuandika hata jina lake likanyooka?

Basi wakakuja watu wa yunivasiti. Vijana wazuri, na mkubwa wao alikuwa msichana wa hapahapa Ukambani, tukamwita Daktari Mwende. Wanatengeneza kakitu kadogo, kanatosha kwa kiganja, unakaweka kwa pua ya mgonjwa akiwa ameanguka, unafinya, dawa inaingia yenyewe, hakuna kufungua meno, hakuna sindano. Bado walikuwa wanakajaribu huko kwao, hapa walileta ka kuonyesha tu, wajue watu wetu wataweza kukashika ama wataogopa. Mimi nikamwambia Daktari Mwende shida yetu ya shule. Akasema, "Susu, leta hedmasta kwa huo mkutano. Akiona jirani wanaweza kumshika mtoto bila uoga, atamrudisha, hata kabla hii kitu yetu iko tayari."

Mnasikia hapo? Siku hiyo yote ilikuwa ya hedmasta. Nilienda kwake mwenyewe, nikambebea na kuku ndio asikatae.

Mkutano ukawa kanisani. Pasta akaomba, akina mama tukaimba, Daktari Mwende akasimama na doli kubwa la plastiki, akalilaza kwa meza, akaanza kufundisha: mlaze kwa ubavu, toa kitu ngumu karibu, usimwekee kijiko kwa mdomo, kama haiishi haraka weka hii kwa pua, finya. Maneno mazuri kabisa. Lakini watu! Mzee Kioko (mnajua mdomo yake) akasema kwa sauti, "Daktari, huyo mzungu wa plastiki kifafa itamshika wapi, na hana hata ubongo?" Kanisa yote ikaanguka na kicheko. Nikaangalia hedmasta. Hedmasta alikuwa kwa simu.

Moyo wangu ukaniambia, siku inapotea hivi.

Nikamwendea Daktari Mwende pale mbele nikamnong'oneza, wacha hilo doli, tumia mimi. Akafikiria kidogo akasema, "Sawa susu, lakini unalala tu. Nitawatangazia kwanza, halafu unakuja unalala, hufanyi kitu." Nikasema ndio, ndio. Nikatoka nje kunawa uso, na hapo kwa jerikeni ya kunawia mikono kulikuwa na kakipande ka sabuni ya miti, ile ya kufulia. Na hapo sasa ndio nikafanya uamuzi mdogo. Nikajiambia, nikingoja kutangazwa watajua ni mchezo, na mchezo haufundishi mtu, watacheka tena. Nikakaweka kwa shavu. Nikakatafuna.

Mnajua mimi napenda kusimulia, na nikisimulia nasimulia na mwili yote. Hiyo kipaji ndio ilinimaliza. Nikaingia, nikatembea mpaka katikati, nikapiga yowe moja, nikajiachilia chini. Nikatetemeka vile Kanini anatetemeka. Nikaona haitoshi. Nikaongezea ya kilumi, ile ngoma ya zamani ya akina mama ya kuita pepo, nilikuwa naichungulia nikiwa msichana mdogo huko Nuu, wakirusha mabega na kugeuza macho. Na povu nayo ikakuja, jamani, sikujua hiyo sabuni ina povu hivyo!

Kwanza nilifurahi, siwadanganyi. Nilisikia benchi zikianguka nikasema moyoni, sasa mnaona, sasa hedmasta ameweka simu.

Lakini hakuna mtu alinilaza kwa ubavu. Walikimbia. Mama wa kwaya mwenye tunakula naye akaruka juu yangu na viatu akielekea mlangoni. Mwingine akapiga kelele, "Si kifafa hiyo, ni kilumi! Ameleta kilumi kwa kanisa!" Pasta akasikia hiyo neno akaniwekea mkono kwa kichwa, akaita na mashemasi wawili wenye nguvu, wakanikanyagia gauni hapa na hapa. Daktari Mwende alijaribu kukaribia (masikini, alidhani ni ukweli, mzee kama mimi, tena sikuwa nimengoja anitangaze) lakini wakamsukuma, "Hii si ya yunivasiti, daktari, hii ni ya maombi."

Halafu nikasikia sauti ya Kanini.

Kanini nilikuwa nimemtuma maji asubuhi, na hakuwa ameambiwa lolote. Alikuwa amefika mlangoni na mtungi wake, akaona mimi chini, akaona povu. Akalia, "Ni mimi! Ni mimi nimempatia susu!" Mtungi ukaanguka. Nikaona miguu yake kati ya miguu ya watu, ikageuka, ikaenda.

Nikaamka. Ama nilitaka kuamka. Nikasema, "Niachilieni, nilikuwa naigiza!" Pasta akasema, "Pepo muongo, nyamaza!" Nikasema mtoto, mtoto amekimbia, na sabuni ilikuwa imeshuka kwa koo, inatoka kikohozi na mapovu badala ya maneno, na vile nilivyozidi kurusha mikono ndio walizidi kunifinya. Mzee Kioko akasema, "Shikeni, shikeni, hilo linataka kutoka." Nilipigana na watu wa kanisa langu kama mwizi ameshikwa sokoni Kalamba. Ni Daktari Mwende alipenya chini ya mikono yao akaninusa mdomo.

"Susu," akasema, "hii ni sabuni?"

Nikaitikia na kichwa. Hiyo aibu ningeisimulia mpaka asubuhi kama ingekuwa peke yake, maana pasta alibaki na mkono juu hajui aushushe ama aendelee. Lakini nikauliza, "Ni nani amemfuata mtoto?"

Hakuna.

Watu wote walimwona akipita. Walimpisha.

Tulimtafuta mimi na Daktari Mwende, mimi bila viatu, kitambaa cha kichwa kimebaki kanisani, na wengine wakitufuata mbali kidogo. Tulimpata shambani, chini ya ukingo wa mtaro, pale mahali mawe yamepangwa kuzuia mchanga. Alikuwa ameanguka kutoka juu. Mkono ulikuwa umelala upande haufai, paji la uso limepasuka, na bado kifafa ilikuwa imemshika, haiachilii. Nikamlaza kwa ubavu. Daktari Mwende akapiga magoti, akatoa kale kakitu kwa mfuko wake, akakashika, nikamwambia, "Weka! Unangoja nini? Finya!"

Akaniangalia. Sitasahau vile aliniangalia.

"Susu, ni ya maonyesho. Ndani ni maji."

Akakarudisha mfukoni. Tukakaa hapo kwa mchanga tumemshika, yeye kichwa, mimi miguu, tunangoja iishe na haiishi, mpaka gari yao ikaletwa ndio ikatupeleka hospitali. Huko ndio walimdunga ikamwachilia. Aliishi. Mkono ulifungwa ukapona umepinda kidogo.

Hedmasta nilimwendea tena. Si mtu mbaya, alinipatia kiti na chai. Nikamweleza yote, ati lile lilikuwa kosa langu mzee, si la mtoto. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia polepole, "Susu, uliona vile watu wazima walikimbia? Na hiyo ilikuwa sabuni." Nilikunywa ile chai nikaenda nyumbani.

Na nyumbani ndio kuna neno lenyewe. Kanini haniamini. Nimemwambia nilikuwa nafanya mchezo, nimemwambia mpaka nimechoka. Siku moja nilichukua sabuni nikaitafuna mbele yake, nikamwonyesha povu, nikacheka, nikasema ona, ona susu wako mjinga. Akaniangalia akasema, "Unafanya hivyo ndio nisilie." Daktari Mwende alirudi kutuona, akamweleza vile yeye anajua kueleza, kwamba hii kitu haigusi mtu ikamwingia, Kanini akaitikia "ndio daktari" na adabu yote. Alipoenda, mtoto akatoa blanketi yake kwa kitanda chetu akaipeleka kwa chumba cha mahindi.

Mimi sasa mkiniomba hadithi nitawapatia, mdomo siwezi kufunga, Mungu ndiye alinipatia hivi. Lakini nitasimulia nikiwa nimekaa, na ugonjwa wa mtu sitauvaa tena mbele ya watu, hata kikohozi, hata kama ni kwa nia nzuri, hata kama hedmasta mia moja wako kwa simu.

Uji wangu wa asubuhi ni Kanini anapika. Anauleta, anauweka kwa kizingiti, anarudi nyuma mpaka kwa ukuta wa jikoni ndio aniite. Akianguka, na kuna siku kifafa inakuja bado, namkimbilia namshika, na akipata fahamu kitu ya kwanza anafanya, kabla hata ya kuomba maji, ni kutoa mikono yangu kwake, kidole kimoja kimoja, na kunipanguza na leso.